Naomba ushauri: mke wangu hawezi kula katika ujauzito mchanga

Ndugu zangu, mke wangu ana ujauzito wa miezi miwili, na kichefuchefu kimemzidi kiasi kwamba hata uji wa ulezi anautapika. Nimesoma kuwa watu ambao mimba zao zilitungwa wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944–1945 walikutwa, takriban miaka 60 baadaye, na alama pungufu za methili (alama za kikemikali zinazosaidia kudhibiti kazi ya jeni) kwenye jeni ya IGF2 inayohusika na ukuaji. Najua njaa ile ilikuwa kali mno kuliko hali yetu, lakini hofu imeniingia. Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki navyo havikai tumboni. Wauguzi, wakunga na akina mama mliopitia haya, je, avimeze usiku baada ya kula, au turudi kliniki kwanza tuombe dawa ya kuzuia kutapika?