Kumsifu Mungu katikati ya msiba na magonjwa: tupeane uzoefu

Mwimbishaji wa Zamu
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Uzi wa shuhuda tunao tayari na tumebarikiwa nao. Hapa naomba tuiweke kazi yenyewe. Umeitwa usiku kwenye nyumba iliyofiwa, au wodini, watu wanakutazama wewe uanzishe wimbo. Unaanza na nini, unasoma nini, na ni wapi huwa tunaharibu? Naanza na nyimbo.

Usiku wa kwanza usianze kwa ufunguo mliouzoea kanisani. Watu wamelia kutwa, koo zimekauka, na saa saba ya usiku sauti ya kwanza haipandi. Kabla hujafungua kinywa, jiimbie kimoyomoyo ule mstari wa juu kabisa wa kiitikio. Ukikukaza koo, shusha noti mbili. Ila usizidishe: bila kinanda wimbo hushuka wenyewe kidogo kila ubeti, na ukianza chini mno, kufika ubeti wa nne besi wananguruma tu, maneno hayasikiki.

Chagua wimbo ambao bibi wa nyumba ile anaujua bila kitabu. Taa ya turubai iko mbali, machozi yako machoni, hakuna atakayesoma. Nyimbo tatu au nne, neno la dakika kumi, halafu kimya. Kimya hicho tunakiogopa, tunakimbilia kukijaza na pambio. Kiacheni.

Na mfiwa akipiga yowe katikati ya ubeti? Usimnyamazishe, wala usipandishe sauti ili umfunike. Rudi kwenye kiitikio, kirudie, kila mara pole pole zaidi, mpaka watu wabaki wanaimba midomo imefumbwa. Mkono wako uwe chini, kiganja kinatazama ardhi, ili walio nyuma waone. Yowe likishatulia, hesabu mbili, ndipo uanze ubeti unaofuata.

Mama Jumuiya
Tumsifu Yesu Kristo. Hapo kwenye yowe umesema kweli tupu. Anayemziba mfiwa mdomo kwa wimbo anamwachia kidonda kitakachooza ndani.

Fundi Spika
Naongezea la mitambo maana hapo ndipo vurugu huanzia. Kina mama wako ndani na mfiwa, wameanzisha tenzi. Nje kwaya imewasha kinanda na spika mbili zimeelekezwa dirishani. Nyimbo mbili kwa wakati mmoja, funguo mbili, na mfiwa katikati. Dawa yake:

Spika zigeuzwe ziwatazame waliokaa nje, mgongo uelekee nyumba. Kijana mmoja asimame mlangoni, kazi yake ni moja tu: ndani wakianza wimbo, anainua mkono, nje wananyamaza. Ndani ndiko kwenye msiba, nje tunafuata. Na jenereta isikae barazani wala chini ya dirisha. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, na chumba cha mfiwa kimejaa watu waliolala sakafuni.

Askari wa Msalaba
Wapendwa, naona mnatufundisha kulia. Neno liko wazi, 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo." Ayubu alipopoteza watoto kumi kwa siku moja alisema jina la Bwana na libarikiwe. Hakuitisha kimya wala kuimba midomo imefumbwa. Mkristo msibani apige shangwe, shetani aone aibu.

Katekista Mstaafu
Ndugu Askari, amani iwe kwako. Ayubu 1:21 aliisema Ayubu mwenyewe, kwa kinywa chake, baada ya kurarua joho na kunyoa kichwa. Hakuambiwa na mgeni. Rafiki zake walipofika walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, sura ya 2 mstari wa 13. Hiyo ndiyo sehemu pekee waliyoifanya vizuri. Walipoanza kuhubiri waliharibu, na mwishoni, sura ya 42, Mungu anawakemea wao, siyo yule aliyelalamika. Na sura ya 3 nzima Ayubu ameilaani siku aliyozaliwa. Kwa hiyo mstari ule mfiwa akiusema, tuitikie Amina. Mgeni aliyefika na rambirambi yake mkononi asimtamkie mfiwa.

Kuhusu Wathesalonike, Kigiriki cha Paulo pale kinasema "katika kila jambo". Unashukuru ukiwa ndani ya msiba. Kuushukuru msiba wenyewe ni habari nyingine.

Askari wa Msalaba
Na Waefeso 5:20 je? "Kwa mambo yote." Hapo nako Kigiriki kimesema "katika"?

Katekista Mstaafu
Hapana, pale umenishika vizuri. Kigiriki cha Waefeso ni "kwa ajili ya mambo yote". Lakini tazama mstari wa 19 unaotangulia: tusemezane kwa zaburi. Haya, zifungue hizo Zaburi 150 uzihesabu. Karibu theluthi moja ni maombolezo. Huwezi kutii mstari wa 19 ukaziruka hizo.

Chukueni Zaburi 13, ina mistari sita tu. Mstari wa 1 na 2 mtu anauliza "hata lini" mara nne. Wa 3 na 4 anaomba: uniangalie, uniitikie. Wa 5 na 6 anatumaini na kuimba. Mistari miwili ya kulalamika, miwili ya kuomba, miwili ya kusifu. Kiongozi akisoma 5 na 6 peke yake kwa sababu "zinajenga", ameikata mguu. Msibani naigawa kwa watu watatu: mzee asome 1 na 2 taratibu, mwanamke wa ukoo 3 na 4, na ile miwili ya mwisho waseme wote. Kijitabu hakihitajiki, sema sentensi moja, watu warudie.

Binti Sayuni
Na Zaburi 88? Hiyo haina mwisho mzuri hata kidogo, inaishia gizani. Inasomwa kweli msibani?

Nesi wa Usiku
Kabla ya hiyo 88 niingie na ya wodini, maana nayo tunayakosea sana.

Kwanza mwulize muuguzi wa zamu. Nawa mikono unapoingia na unapotoka. Msiwe zaidi ya watatu, na msizidi dakika kumi. Msikae kitandani, mpira wa dripu au wa mkojo hukaliwa bila mtu kujua. Mwulize mgonjwa, "ungependa tuombe nini?" kisha ombeni hicho. Mtu ameomba apate usingizi, ninyi mnafanya vita vya kiroho kwa sauti, na kitanda cha pili kuna aliyetoka kwenye upasuaji.

Wimbo uwe wa sauti moja, wa chini, mdomo karibu na sikio. Mgonjwa asiyejibu huenda anasikia, kwa hiyo msijadili mazishi hapo pembeni. Mafuta ya Yakobo 5:14 tone moja kwenye paji linatosha. Yasifike kwenye kidonda wala kwenye plasta ya sindano, plasta itabanduka. Na mshumaa usiwashwe kabisa karibu na mtungi wa oksijeni.

La mwisho nalisema kwa uchungu. Msimfungishe mgonjwa. Mwenye kisukari anayetumia insulini akikosa mlo, sukari inashuka: anatetemeka, anatoka jasho, anaanza kusema ovyo, anaweza kuzimia. Watu wanaona wanasema pepo, wanazidisha maombi badala ya kumpa kijiko cha sukari kwenye maji wakati bado anaweza kumeza. Akishazimia msimwekee kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida ni miezi sita, na nafuu huja mapema, ndipo mtu "anatoa ushuhuda" na kuacha vidonge. Ugonjwa unarudi umekuwa sugu. ARV vilevile, hata siku za mfungo zinamezwa. Anayetaka kufunga pamoja na kanisa afunge simu au televisheni, Mungu anapokea.

Mzee wa Kanisa
Amina, Nesi. Wachungaji waisome hii kabla ya kutangaza mfungo wa siku 21.

Msomaji wa Historia
Mmesema kusifu katikati ya mateso nikakumbuka Busega, na nasikitika kwamba Waswahili wengi hatuijui habari hii wakati ni yetu.

Tarehe 31 Januari 1885, Busega, upande wa Natete huko Buganda (ndani ya Uganda ya leo), waliuawa vijana watatu wa kanisa la Anglikana: Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alikuwa amekalia kiti miezi michache tu. Baadhi yao walikamatwa wakiwa safarini na mmisionari Mackay kuelekea ziwani. Walikatwa mikono, wakalazwa juu ya uchanja wa miti, moto ukawashwa chini yake. Wamisionari waliandika kwamba vijana wale waliimba, na wimbo uliotajwa ni "Kila siku tumsifu". Soma tena maneno hayo. Ni Kiswahili! Misheni ilikuwa imefika Buganda 1877 kwa njia ya misafara ya kutoka pwani, na mafundisho ya mwanzo mengi yalipita katika lugha hii tunayoandikia hapa.

Mama Jumuiya
Ee Mungu wangu. Lugha yetu.

Binti Sayuni
Nimesisimka mwili mzima. Hao ndio wale mashahidi wa Uganda, wa Namugongo?

Msomaji wa Historia
Hapana dada, tusichanganye. Namugongo ni 3 Juni 1886, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, Karoli Lwanga na wenzake, na Waanglikana pia walichomwa siku hiyo. Mashahidi 22 wa Kanisa Katoliki, Lwanga akiwa mmoja wao, walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Busega ndiko walikotangulia hao watatu.

Askari wa Msalaba
Basi Busega imemaliza ubishi. Watoto walikatwa mikono wakaimba. Sisi tunataka kimya na chai ya tangawizi.

Msomaji wa Historia
Ndugu yangu, hujaisikia yote. Lugalama, mdogo kuliko wenzake, alipoona kisu aliwasihi wauaji wasimkate mikono, akasema hatapigana, wamtupe tu motoni. Hiyo nayo imeandikwa. Kulia na kusifu vilikuwa mahali pamoja, kwa watu walewale. Na hakuna aliyesimama pembeni akawaambia "imbeni, mkishangilia shetani ataona aibu." Wimbo ulitoka kwao.

Katekista Mstaafu
Ndiyo yaleyale ya Ayubu. Na ya Paulo na Sila, Matendo 16:25. Waliochapwa ndio walioimba, usiku wa manane, miguu kwenye mkatale. Wafungwa wengine walisikiliza. Sifa ya mwenye mateso ni yake. Sisi tunaweza kumshikia wimbo mpaka aingie mwenyewe, tusimdai.

Askari wa Msalaba
Hapo nimewaelewa. Hiyo ya Lugalama sikuwahi kuisikia. Bado nasema watu wasiishie kwenye kulia. Usiku wa pili na wa tatu pambio la tumaini lazima liwepo, maana 1 Wathesalonike 4:13 inasema tusihuzunike kama wasio na matumaini.

Mwimbishaji wa Zamu
Hilo nakubaliana nawe, na Paulo hapo hajakataza huzuni, amekataza ile isiyo na tumaini. Usiku wa kwanza taratibu tupu, bila ngoma. Wa pili leta nyimbo za ufufuo, makofi mepesi. Baada ya mazishi, mkirudi kutoka makaburini, ndipo watu wenyewe huanza kuchezesha mabega. Ukiona mtu wa nyumba ile ameanza yeye, mfuate. Asipoanza, usimvute mkono ainuke.

Mama Jumuiya
Na mimi niseme la mikono, maana sifa bila maji mtungini ni kelele. Jumuiya ikienda ipange watu: wawili wa maji, wawili wa jiko, mmoja wa kuwaogesha watoto wa nyumba ile, maana husahaulika kabisa. Rambirambi zihesabiwe na watu wawili, ziandikwe kwenye daftari jina na kiasi, mfiwa akabidhiwe siku hiyo hiyo. Wiki ya tatu, turubai limeshaanuliwa na ndugu wamepanda mabasi, ndipo mjane anabaki na sufuria tupu. Nendeni siku hiyo, watatu tu, na unga, sukari na sabuni. Imbeni wimbo mmoja uleule wa usiku wa kwanza. Safari hii mtasikia sauti yake ndani ya wimbo.

Mpanda Mbegu
Mnasahau sadaka. Mfiwa atoe mbegu ya shukrani, hata akikopa, milango itafunguka.

Mzee wa Kanisa
Hata akikopa? Hapana. 2 Wakorintho 8:12, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Anayempeleka mjane kwenye mkopo ili apate baraka aulizwe mbele ya baraza la wazee. Mjane akitaka kushukuru, wimbo wake unatosha, na akitoa, atoe kile kilichomo ndani ya nyumba.

Binti Sayuni
Jamani swali langu la Zaburi 88 limepotea katikati ya Busega.

Katekista Mstaafu
Nisamehe mwanangu. Inasomwa, ila si kaburini mbele ya umati. Isome chumbani kwa yule anayesema "hata kuomba siwezi": mama aliyepoteza mtoto, mtu aliyeugua miaka. Mwambie kwanza kwamba ni sala, iko katika Biblia, na aliyeiandika alimwita Mungu mchana na usiku. Isome yote mistari 18 bila kuongeza maelezo, na ukifika kwenye lile giza la mwisho usiirukie Zaburi ya furaha. Funga kitabu, kaa naye. Akitaka kusema, atasema.

Binti Sayuni
Na asiposema?

Katekista Mstaafu
Mwachie Biblia hapo kitandani, imefunguliwa hapohapo, halafu rudi kesho saa ileile.