Picha ya msiba ya mama tuliitoa kwenye kitambulisho. Tuliozoea kukimbia kamera, tupeane uzoefu

Binti wa Makete

Wakuu, habari za jioni.

Mama yangu tulimzika mwezi uliopita, kijijini. Usiku wa kuamkia maziko kaka akaniambia nitafute picha nzuri ya mama, iwekwe mbele ya jeneza na kwenye ratiba. Nilipekua simu tatu: yangu, ya kaka na ya mdogo wetu wa Tunduma. Hakuna. Kwenye harusi yangu mama yupo nyuma ya shangazi. Kwenye kipaimara cha mwanangu kageuka. Kwenye nyingine kajifunika kitenge mpaka kidevuni na jua linawaka. Mama alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni, tangu usichana wake, na waliokulia milima ile wanajua kina mama wa rika lake walivyolibeba. Mbele yetu hakuwahi kulilalamikia, ila kamera ikitokea tu, anakumbuka ana kitu jikoni.

Tukaishia kupiga picha kitambulisho chake cha NIDA, kijana wa steshenari akaikuza. Mnazijua picha za NIDA. Mama aliyekuwa akicheka mpaka anashika ukuta, kaagwa na uso wa mtu aliyeambiwa asicheke.

Nimerudi Dar, nikafungua simu yangu. Picha elfu nne na ushee, mimi nimo kwenye 11, na nyingi ni mkono wangu tu umeshika mtoto. Nina kilo 104, mikono minene, na mwaka wa 6 huu mimi ndiye mpiga picha wa familia. Nataka kwenda kupigwa picha za maana, peke yangu, kabla mwaka haujaisha. Mliopitia hili, mpiga picha mlimpataje? Na mle ndani mlijisikiaje?

Mlacha

Pole sana dada. Sisi ya baba tuliitoa kwenye leseni ya udereva. Nakuelewa kabisa.

Kijana wa Maji ya Chai

Pole dada. Naomba niandike kirefu kidogo, maana hapo kwa mama kugeuka umenigusa.

Mimi ni wa Arusha, upande wa Meru. Maji tuliyokunywa utotoni yana floridi nyingi, kupita sana ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linaitaja kuwa kikomo. Pale Ngurdoto kuna hadi kituo cha utafiti wa kuiondoa. Ndiyo maana meno yangu ni ya kahawia, mengine yana vishimo. Kijijini hakuna anayeshangaa, maana tuko hivyo wengi, na kuna wenzetu miguu imepinda kabisa. Aibu niliikuta chuoni.

Siku ya mahafali, 2014, tumepangwa foleni na majoho. Mpiga picha ananiambia, "Cheka basi, una msiba?" Nikacheka. Akaangalia kioo cha kamera, akasema kwa sauti mbele ya foleni nzima, "Aa, funga tu mdomo, nitakuweka sawa kwenye kompyuta." Wenzangu wakacheka. Baada ya wiki mbili picha ikaja, mdomo wazi, meno meupe kama chokaa ya ukutani. Mama aliifurahia, akaitundika sebuleni. Mdogo wangu wa darasa la tano, mwenye meno kama yangu, akaisimamia muda mrefu halafu akauliza, "Kaka, ulifanyaje yakawa meupe?" Sikuwa na jibu. Miaka 7 sikupiga picha nyingine zaidi ya pasipoti saizi.

Nilirudi kwenye kamera kwa sababu kazini walitaka picha za wafanyakazi wote. Mpiga picha alikuwa dada mmoja wa Moshi. Nusu saa nzima hakuinua kamera. Aliniuliza habari za ng'ombe, maana nilimwambia nafuga. Akanipiga kwanza mikono tu, akanionyesha. Kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Wakati wa kuhariri, kuna kitu hutaki nikiguse?" Nikasema meno yaache. Akaitikia, "Sawa, meno nayaacha," kama vile nimemwambia chai yangu isiwekwe sukari.

Hiyo picha ndiyo iko sebuleni sasa. Ile ya chokaa niliiomba kwa mama, akanipa.

Shangazi Tabata

Nakazia. Mpiga picha anayeanza kwa kukuamuru ucheke, lipa nauli urudi nyumbani.

Fundi Mwanga

Mimi napiga picha, niko Mwanza, mwaka wa 12 huu kwenye kazi. Dada, nianzie kwenye hizo picha 11.

Kamera ya mbele ya simu ina lenzi pana, na mkono wa mtu unafika kama sentimita 60 tu. Kwa umbali huo kilicho karibu na lenzi lazima kivimbe: pua, shavu, na huo mkono ulionyooshwa. Mpiga picha akisogea nyuma mita mbili akatumia lenzi ya milimita 85, uso unakaa kama ulivyo. Halafu sura unayoijua wewe ni ya kwenye kioo, imegeuzwa. Kuna utafiti ulifanyika Marekani, ukachapishwa 1977: watu walipenda zaidi picha yao iliyogeuzwa kama kioo, rafiki zao wakapenda ile isiyogeuzwa. Ndiyo maana wateja wangu siwaruhusu kufuta picha siku ile ile. Nawaambia wakae nazo siku tatu.

La ngozi ndilo linaniuma zaidi. Kamera ukiiachia ijipimie yenyewe, uso mweusi mbele ya ukuta mweupe unazama. Hata filamu za zamani, maabara zilikuwa zinapima rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke Mzungu, kwa hiyo sisi kwenye picha nyingi za shule tulibaki macho na meno. Mpiga picha wa leo hana kisingizio, kamera anaweza kuiongoza mwenyewe. Basi usimchague kwa picha za bibi harusi aliyepakwa poda tabaka tatu. Mwombe akuonyeshe watu watatu wenye ngozi kama yako na umbo kama lako, kabla hajawahariri. Akikosa hata mmoja, mshukuru uondoke.

Mgosi wa Pongwe

Samahani dada, nitasema ukweli. Kilo 104 si suala la lenzi. Fanya mazoezi miezi sita, punguza, ndipo ukapige. Mimi nilifanya hivyo na picha zangu nazipenda.

Shangazi Tabata

Mgosi, mama yake angesubiri rovu liishe ndipo apigwe picha? Umesoma alichoandika?

Mgosi wa Pongwe

Nimesoma, na pole nampa. Nazungumzia afya yake.

Kijana wa Maji ya Chai

Kaka, afya aende kwa daktari, picha aende kwa mpiga picha. Hizo ni foleni mbili.

Mgosi wa Pongwe

Mnakasirika bure. Nimetoa uzoefu wangu kama mada ilivyotaka.

Bi Mwanakheri

Binti wa Makete mwanangu, Mungu amrehemu mama yako. Mie nna miaka 67, niko Unguja. Zamani kupiga picha kwetu kulikuwa ni safari. Capital Art ya Barabara ya Kenyatta ipo tangu 1930, na sisi baba alikuwa akitupeleka kwa mzee mwengine, nyuma ya Darajani, kila Iddi, nguo mpya zanukia udi. Mzee yule hakusema cheka wala usicheke. Alikuwa akikwinua kidevu kwa vidole viwili, akikwambia vuta pumzi, na akangoja. Ukiishusha tu ile pumzi, mabega yashashuka, naye kashapiga. Nlikuwa na mbalanga, yale mabaka meupe ya ngozi, mdomoni tangu nna miaka 15, na picha zile zote ninazo, sikujificha hata moja, kwa sababu hakunifanya nijione nimefikwa na jambo.

Nasaha yangu: tafuta mpiga picha mwanamke, mlango ufungwe, na mtu wako mmoja awemo ndani.

Mlacha

Bibi shikamoo. Hapo kwa mwanamke nakataa kidogo. Mke wangu kapigwa vizuri na kijana wa kiume mwenye adabu, na mwanamke aliyemtangulia ndiye aliyemwambia "tumbo tulifiche mama."

Bi Mwanakheri

Marahaba baba. Adabu ndio nambari wani, hilo nakupa. Lakini mlango ufungwe.

Nuru ya Saba

Huu uzi niliusoma juzi nikaufunga. Leo naandika.

2021, miezi minne baada ya kujifungua wa pili kwa operesheni. Tumbo limelegea, michirizi mpaka kiunoni. Mume wangu akanilipia picha kwa mpiga picha mwenye jina pale mjini kwetu. Bei ilikuwa juu, kijana akasema atapunguza nusu kama nitamruhusu kuweka "moja mbili" kwenye ukurasa wake. Nikasema sawa, kwa mdomo. Nilipigwa nimevaa sidiria na kanga ya mama mkwe kiunoni, tumbo wazi, mwanangu kwapani. Niliporudi nikaziangalia nalia kwa furaha. Nasema kweli, zile picha zilinirudishia mwili wangu. Nililala bila kuzima taa kwa mara ya kwanza tangu nijifungue.

Baada ya miezi 11 niko kwenye daladala, tumekwama karibu na stendi. Nje ya duka la dawa za asili kuna bango: matumbo mawili, KABLA na BAADA. La KABLA, kichwa kimekatwa shingoni, mtoto kafutwa. Kovu la operesheni lina kona upande wa kushoto. Na kanga, maandishi yake yamekatikia katikati: NANI KAMA M.

Nikashuka. Konda ananiita nichukue chenji, sikugeuka. Nikasimama mbele ya lile bango sijui kwa muda gani. Muuzaji akatoka na kikopo mkononi, akaniangalia kiunoni, akasema, "Karibu dada. Hata hilo lako, wiki tatu tu linaisha."

Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Shangazi Tabata

Mungu wangu.

Mlacha

Dada pole. Hilo duka lipo mji gani? Na huyo mpiga picha alisemaje?

Kijana wa Maji ya Chai

Nimesoma nimesimama hapa kazini, nimeshindwa kukaa.

Nuru ya Saba

Alisema hajamuuzia mtu, labda wamezichukua ukurasani kwake. Mji sitautaja, watanijua. Mume wangu alitaka kulivunja lile bango usiku, nikamshika. Tulienda na mwenyekiti wa mtaa, wakalishusha. Hawakuniomba radhi. Walidai picha walipewa na aliyewatengenezea bango.

Jembe Halichoki

Na wewe, nani alikutuma upige picha tumbo wazi? Mitandao mnaijua ilivyo.

Shangazi Tabata

Wewe ndiye ungekuwa yule muuzaji.

Bi Mwanakheri

Jembe, mie na mtandio wangu siwezi kupiga picha ile, lakini ya kwake ilikuwa yake na mumewe. Aliyeiba ndiye mwenye kosa. Usimgeuzie mtu kidonda.

Fundi Mwanga

Nuru, pole sana. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Hata kama picha ilipigwa 2021, kama mtu bado anaitumia leo, peleka.

Wengine wote, "sawa" ya mdomo msiitoe tena. Mimi mteja anasaini karatasi ya ukurasa mmoja: picha ipi, itawekwa wapi, kwa muda gani, na kuuzwa kwa mtu mwingine hairuhusiwi. Asichokitaka anakikata kwa peni. Punguzo la bei lisichanganywe na ruhusa kamwe. Ukitaka kupunguziwa, omba picha chache.

Mlacha

Mambo ya Tume ni marefu. Mwite mpiga picha na mwenye duka mezani, wakulipe, yaishe.

Fundi Mwanga

Wakimlipa kimyakimya, kesho wanamweka mwingine pale.

Mwana wa Likoni

Poleni nyote, nasoma kutoka Mombasa. Mimi natumia kiti cha magurudumu. Picha ya familia ya mwaka juzi, jamaa wa studio aliniweka nyuma ya meza yenye maua ndiyo kiti kisionekane. Mamangu akauliza, "Na hii meza ni ya nani?" Akaisukuma mwenyewe kando. Siku hizi kabla nilipe advansi nampigia mpiga picha simu, namwambia naja na kiti changu, nasikiza atanyamaza kwa muda gani.

Shangazi Tabata

Huyo mama nampenda bila kumjua.

Binti wa Makete

Nuru, nimekaa na simulizi yako usiku kucha. Asante kwa kuiandika hapa.

Nimempigia mpiga picha mmoja wa Sinza. Picha 10 elfu 80, saa mbili, na amekubali nije kwanza siku tofauti, bila kamera, tuzungumze. Nikamuuliza swali la Kijana wa Maji ya Chai. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Niambie wewe usilolitaka, niandike." Mikono niifunike au niiache?

Mgosi wa Pongwe

Vaa nyeusi ya mikono mirefu. Nyeusi inapunguza.

Fundi Mwanga

Nyeusi kwenye pazia jeusi utabaki kichwa. Vaa rangi unayovaa ukiwa na furaha. Kama mtapiga nje, nenda saa kumi na moja jioni. Saa sita jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo. Mikono usiibane mbavuni, iache ipite hewa.

Shangazi Tabata

Iache wazi. Na nenda na shoga yako anayecheka ovyo, mkao wa kujipanga utakwisha wenyewe.

Bi Mwanakheri

Na kitenge cha mama ukichukue mwanangu. Ukiweke begani, shingoni usikifunge.

Nuru ya Saba

Binti, nenda. Mimi zile picha zangu bado nazipenda, kamwe sikuzifuta.

Fundi, nilikuwa nimeandika hapa kwamba bango lilishushwa yakaisha. Jana usiku wifi yangu wa Dodoma kanitumia kitu alichokiona kwenye stetasi ya mtu anayeuza chai ya kupunguza tumbo. Ni mimi tena. Kanga ile ile.

Fundi Mwanga

Asiifute. Mwambie apige skrinshoti namba ya simu na tarehe zionekane, na wewe tafuta ile picha ya mwanzo yenye mtoto. Nitumie zote mbili inboksi leo, tuandike barua pamoja.