Pembe kwenye usukani wa kaboni: nifunge ama niache?

PedeliMbale
Habari zenu wakuu. Niko na MTB, baiskeli ya milimani, ya mtumba nilichukua Kampala, fremu ni alumini lakini usukani ni kaboni, umenyooka tu, upana kama sentimita 68. Wikendi tunapanda kutoka Mbale kwenda Sipi na viganja vinakufa ganzi, yaani kushika mahali pamoja mlima wote ule si mchezo, sasa nataka nifunge baaendi, zile pembe za kwenye ncha, nikisimama kwa pedeli nipate pa kuvuta. Fundi wa hapa mtaani anasema lete nikaze dakika tano tu, jamaa yangu naye ananitisha eti kaboni itavunjika kama biskuti. Nani ameshafunga? Alafu spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza bolti, sina, nikiulizia madukani wananiangalia tu.

ssebo_wa_milima
Achana nayo. Kaboni na pembe haviendani, mwisho wa stori. Weka alumini ulale usingizi.

FundiJinja
Ssebo umekata kesi mapema mno. Kuna usukani wa kaboni ulioruhusiwa pembe na watu wanazitumia miaka, kuna mwingine kiwanda kimekataza kabisa. Shida iko kwenye klempu, kile kibano kinachoshika pembe. Nyuzi za kaboni ukizivuta kwa urefu zina nguvu ajabu, lakini ukiziminya kutoka nje, na ndani ya bomba ni wazi, zinapondeka, na ukuta wa pale kwenye ncha mara nyingi ni mwembamba kuliko pale kati panapokaa stemu, kile kipande kinachoshika usukani. Tena pembe ni mkono mrefu, ukiivuta kwa nguvu mlimani mzigo wote unaishia hapohapo ilipobanwa.

Kwa hiyo @PedeliMbale kabla hujashika spana, soma maandishi kwenye huo usukani, tafuta jina na modeli, kisha fungua mwongozo wa kiwanda uone wanasema nini kuhusu pembe. Wakikataza, imeisha hiyo. Viwanda vingine wanaruhusu ila kwa sharti uweke plagi ya alumini ndani ya ncha, inaingia kwenye bomba na kulishikilia lisibonyee klempu ikibana. Plagi lazima ienee sawasawa na kipenyo cha ndani, ikicheza haina kazi na ukiigonga kwa nyundo iingie umeshapasua mwenyewe.

Kufunga sasa: gripu, mikono ya breki na shifta za gia zote zisogezwe ndani upate nafasi ya klempu nzima, isikae nusu hewani. Ncha kwa kawaida ni milimita 22.2 kwa nje, na pembe ziwe za saizi hiyohiyo. Pitisha kidole ndani ya klempu, ikiwa na ukingo mkali piga msasa kwanza maana hiyo ndiyo inakata kaboni polepole bila wewe kujua. Grisi usiweke. Kuna pesti ya kaboni, iko na chembechembe za kuongeza mshiko, ukipaka hiyo pembe inashika bila kukaza sana.

Toki: angalia namba kwenye pembe na namba kwenye usukani, fuata iliyo ndogo. Pembe nyingi zimeandikwa 5 Nm hivi (Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha toki), lakini usukani unaweza kutaka chini ya hapo.

PedeliMbale
Banange, asante fundi. Sasa hiyo toki bila spana yake naipimaje? Huyu wa mtaani anakaza mpaka mshipa wa shingo utoke 😂

FundiJinja
Tafuta mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ama samaki. Chukua spana ya aleni, ile ya umbo la L, pima sentimita 10 kutoka katikati ya bolti, funga kamba hapo, vuta na mizani huku kamba na spana vikifanya pembe mraba. Kwa urefu huo kilo moja ni karibu Nm moja, kwa hiyo kama usukani unasema 4 Nm unavuta hadi mizani isome kilo 4 unaacha. Haijafikia spana ya toki, lakini inashinda mshipa wa shingo.

Nalongo_Entebbe
Mambo ya fundi yote sawa, ila mmepita haraka kwenye hilo neno mtumba. Usukani wa mtu mwingine hujui umeanguka mara ngapi. Alumini mara nyingi inapinda ukaona, kaboni inaweza kuonekana mzima nje na ndani nyuzi zimeachana, alafu siku inakatika haikuambii. Toa gripu, safisha, mulika na tochi: mstari mweupe, rangi iliyobonyea palipokuwa na klempu ya zamani, mahali panapolegea ukibonyeza, mlio wa kukwaruza ukiukunja. Ukiona kimoja tu usiufunge pembe, na usiuendeshe hata bila pembe. Na msije mkaukata kupunguza upana bila kusoma mwongozo, mingine ina alama za mwisho wa kukata, na vumbi la kaboni si la kuvuta puani, mask ni lazima na msumeno uloweshwe.

Mimi ningekuwa wewe ningenunua usukani wa alumini wa kawaida nikafunga pembe huko, tofauti ya uzito ni gramu chache, maji unayobeba kupanda Sipi ni mazito kuliko hiyo tofauti. @ssebo kwa hili niko na wewe, sababu tu ndiyo hukutoa.

ssebo_wa_milima
Nalongo nimekusikia 😅

PedeliMbale
Nimemulika. Upande wa kulia chini ya gripu kuna mstari mwembamba, sijui ni mkwaruzo wa rangi ama ni ufa wa kaboni yenyewe, na jina la modeli limefutika. Basi naenda alumini. Pembe niziinue kiasi gani?

FundiJinja
Umefanya vizuri, na huo wa kaboni ukate vipande viwili usije ukaishia kwa mtoto wa jirani. Pembe anza nazo zikifuata mwinuko wa stemu, inua kidogo mpaka kifundo cha mkono kinyooke ukisimama, zisiangalie juu wima. Kaza, alafu baiskeli ikiwa imesimama zilalie na uzito wako wote. Zikizunguka, hujakaza. Ukirudi kutoka mlimani siku ya kwanza pima tena bolti, na matundu ya kwenye ncha za pembe yazibe na plagi maana ukianguka ndiyo yanayochoma tumbo.