Ushauri: Naipangaje wiki ya Darasa la Kwanza lenye watoto zaidi ya mia?

Ticha wa Kijijini

Habari zenu wanajukwaa, wakubwa shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, kijijini, mkoa wa Shinyanga. Nilizoea Hisabati ya darasa la tano na la sita. Muhula huu mwalimu wa darasa la kwanza amehama, mwalimu mkuu akanikabidhi darasa lake. Watoto wamepita mia, chumba ni kimoja, madawati hayatoshi, wa mbele wanakaa kwenye mkeka. Umri ni kuanzia miaka sita hadi minane. Kuna waliopita darasa la awali, kuna waliotoka machungani moja kwa moja, na wengi nyumbani kwao ni Kisukuma tupu.

Muhtasari wa somo ninao. Azimio la kazi, yaani mpango wa kufundisha wa muhula, nimeandaa na mwalimu wa taaluma amelipitisha. Kinachonisumbua ni wiki yenyewe. Kipindi cha dakika 30 kinaisha sijasahihisha hata madaftari ya safu moja. Jumatatu nafundisha herufi, Jumanne nyingine, Jumatano nyingine. Ikifika Ijumaa nikirudi kwenye ile ya Jumatatu, nusu ya darasa wananikodolea macho. Walioelewa nao wanachoka kusubiri, wanaanza kuchokozana.

La pili, nimeanza kuwatoa nje waandike mchangani na wahesabu kwa kokoto. Wanachangamka kweli, hata wale wasiofungua mdomo darasani. Lakini wazazi wameanza kuja kulalamika kwamba daftari linarudi tupu, mtoto anakwenda shule kucheza. Mkuu naye ananikumbusha kwamba wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija watataka kuona madaftari.

Mliofundisha madarasa ya chini, mnaipangaje wiki? Shughuli ipi inakaa siku gani? Na wazazi mnawaeleza vipi? Naomba kuwasilisha.

Chaki Nyeupe

Pole sana mwalimu. Kwanza kabisa darasa hilo ligawanywe. Mwongozo unasema awali mwalimu mmoja kwa watoto 25, msingi mmoja kwa 45. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wamejaa, na ni jambo jema wamekuja, ila mwalimu mmoja kwa mia ni kumuua. Mwombe mkuu mikondo miwili, mmoja asubuhi na mmoja baadaye, hata kama chumba ni hicho hicho.

Ticha wa Kijijini

Asante Chaki. Nimeshaomba. Walimu tuko wachache, ameniahidi mwalimu wa kujitolea, bado hajapatikana. Kwa sasa nifanye kana kwamba niko peke yangu.

Bibi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimefundisha darasa la kwanza hapa Morogoro hadi nikastaafu, na darasa kubwa nalijua.

Tuanze na hiyo ya kusahau. Watoto hawasahau kwa sababu ni wazito. Wanasahau kwa sababu unawapa kipya kila siku, na cha jana hawajakitumia kwa lolote. Wiki za mwanzo chukua sauti moja tu, uizungushe siku zote tano.

Na ninaposema sauti namaanisha sauti, siyo jina la herufi. Ukimfundisha mtoto kwamba ile ni "em", siku ya kuunganisha atakusomea "em-a" na hatafika kwenye "ma" hata mkeshe. Mfundishe afumbe midomo aseme mmmm, aivute, halafu aifungue kwenye aaa. Mmmm-aaa. Waambie waweke mkono kooni wasikie inavyotetema. Utaona sura zao zinavyobadilika ikishawaingia.

Jumatatu yangu ilikuwa ya mdomo na masikio tu. Hakuna daftari. Naingia na vitu kwenye kikapu: kikombe cha maji, mpini wa jembe, muwa, picha ya moto. Tunatafuta vinavyoanza na ile sauti. Hapo kwako mtoto akikutajia "minzi" badala ya maji, mpokee kwa furaha, maana m ya minzi ni ile ile. Kiswahili utamwongezea, lakini sauti ameshaikamata. Usimkatishe kwa kumwambia "sema Kiswahili", atanyamaza mpaka Krismasi.

Jumanne tunaunganisha na irabu: ma me mi mo mu. Kadi nilikata kwenye maboksi ya sabuni. Mtoto mmoja anashika m, watano wanashika irabu, mwenye m anatembea mbele ya darasa akisimama kwa kila mmoja, na darasa zima linasoma wanavyokutana. Jumatano tunajenga maneno. Hapo ndipo Kiswahili kinapotubeba, maana silabi zake nyingi ni konsonanti na irabu tu. Ukishafundisha irabu tano na m, b, k, mtoto anasoma mama, baba, bibi, kaka, kuku, kobe, kima. Alhamisi anasoma sentensi nzima: "Bibi amekaa." "Kaka ameoa." Hiyo ya kaka kuoa niliiandika ubaoni kila mwaka na kila mwaka darasa lilicheka, na mtoto aliyecheka amenionyesha kwamba amesoma na kuelewa. Ijumaa hakuna kipya hata kimoja. Ni marudio, michezo na kusikiliza mtoto mmoja mmoja.

Ila uangalie siku ya mnada hapo kijijini. Siku hiyo nusu hawaji, na waliokuja akili iko kwa mama sokoni. Usiweke sauti mpya siku hiyo kamwe. Kama mnada wenu ni Jumatatu, sogeza kila kitu mbele siku moja na Jumatatu ifanye ya marudio.

Mkoba wa Ngozi

Bibi, kwa heshima zote, hapo kwenye sauti moja kwa wiki sikubaliani na wewe. Ukihesabu konsonanti zote, halafu uongeze ch, sh, ny, ng', th, dh, gh na maneno yenye mb, nd, kw, mw, mwaka unaisha mtoto hajafika hata nusu. Na upimaji wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) darasa la pili haumsubiri.

Bibi Mstaafu

Hoja yako ni ya kweli Mkoba, ndiyo maana nimesema wiki za mwanzo. Zinazokula muda ni konsonanti tatu nne za kwanza, kwa kuwa hapo mtoto hajifunzi herufi, anajifunza kwamba sauti mbili zinaungana. Akishalielewa hilo, ukimpa l na t wiki moja anazimeza. Mimi nikifika hapo nilikwenda mbili hadi tatu kwa wiki. Zinazofanana nilizitenganisha: b na d zisikae wiki moja, wala l na r. Ukiziweka karibu utalia.

Vijiti na Vizibo

Habari ya usiku. Mimi ni mwalimu wa kuhesabu, Dodoma. Bibi amemaliza kusoma, mimi niongezee kuhesabu na suala la makundi.

Watoto mia usiwafundishe pamoja kipindi kizima, hutafika. Fundisha wote kwa dakika kumi, halafu wagawe makundi manne ya kazi tofauti. Kundi moja linakaa na wewe kwenye mkeka, hao ndio unaowasikiliza na kuwasahihisha kwa siku hiyo. La pili linaandika kwenye daftari mstari mmoja au miwili. La tatu linahesabu. La nne liko nje karibu na dirisha, mahali unapowaona, linaandika mchangani. Kesho yake wanabadilishana. Hadi Alhamisi umekaa na kila kundi, na Ijumaa unawaita wale uliowaona wanayumba. Makundi yape majina ya matunda au wanyama, yasijulikane kwamba hili ni la waelewa na lile la wasioelewa. Watoto wanalijua haraka sana na linawavunja moyo.

Siku mbili tatu za mwanzo usifundishe jambo jipya, wafundishe kuhama tu. Ukipiga makofi mara mbili wanasimama, ukiimba wanahama, wimbo ukiisha wamekaa. Bila hilo utapoteza kipindi chote kwenye vurugu.

Kwenye kuhesabu, kokoto ni nzuri hadi kumi. Zaidi ya hapo tumia vijiti. Huku tunakata mabua ya mtama, kwenu fito hazikosekani. Kila vijiti kumi vinafungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Mwambie mtoto anionyeshe 13: anainua fungu moja mkono wa kushoto na vijiti vitatu mkono wa kulia. Mwambie 31: mafungu matatu na kijiti kimoja. Anaona kwa macho yake kwamba 13 na 31 siyo kitu kimoja. Wale wanaoandika tarakimu kwa kugeuza ndipo wanaponyooka. Watoto wa wafugaji usiwadharau hapa, wapo wanaohesabu ng'ombe jioni bila kukosea. Waanzie huko huko.

Ijumaa fungua duka. Boksi tupu la dawa ya meno, pakiti ya majani ya chai, chupa ya mafuta, noti za karatasi. Muuzaji mmoja, wateja kumi, chenji irudi sawa. Hapo umepata kuhesabu, umepata kuzungumza Kiswahili, umepata na kusoma maandishi ya kwenye pakiti.

Mama Wawili

Mimi siyo mwalimu, ni mzazi, niko Dar. Naomba niseme upande wa wazazi. Mwalimu, mzazi anaangalia daftari kwa kuwa ndicho kitu pekee kinachotoka shuleni kikafika nyumbani. Hajaona mchanga, hajaona vijiti, hajaona duka. Wengine hawajui kusoma vizuri, wanatafuta alama ya vema na wino mwekundu.

Shuleni kwa mwanangu mwalimu aliwaita wazazi wa kundi moja kila Ijumaa, nusu saa kabla ya watoto kutoka. Hakutoa hotuba. Alimwita mtoto akamsomea mama yake maneno ya wiki hiyo. Siku niliyosikia mwanangu akisoma "kobe" kwa kidole chake mwenyewe, akirudi nyuma mara mbili kuhakikisha, sikuuliza tena habari za daftari. Na siku nyingine mpe mtoto kipande cha karatasi chenye silabi tano arudi nacho, mwambie akamsomee bibi. Hata asiyejua kusoma atamsikia.

Ticha wa Kijijini

Mama Wawili, hili la kipande cha karatasi sikuwa nimelifikiria. Asante sana.

Mwalimu wa Kwale

Salamu kutoka Kenya. Huku Gredi ya Kwanza vipindi pia ni dakika 30, na tangu mtaala wa umilisi uanze 2019 tumezoea kumwekea kila mtoto faili lake. Mimi nakunja manila katikati, naandika jina, ndani naweka mchoro, karatasi ya silabi, kazi ya kuhesabu, kila moja na tarehe. Si lazima kila siku, kazi moja kwa wiki yatosha. Mkaguzi akija anaona mtoto alikuwa wapi mwezi wa kwanza na yuko wapi sasa, jambo ambalo daftari lililojaa "a a a a a" haliwezi kumwonyesha. Wanafunzi wangu wengi ni Wadigo, na nakubaliana na Bibi kabisa: lugha ya nyumbani iwe mlango wa kuingilia.

Mkoba wa Ngozi

Niongeze moja kwenye mchanga. Ni mzuri, kidole kinajifunza umbo la herufi na kosa linafutika. Lakini usikae huko muhula mzima. Kushika penseli ni kazi ya vidole vitatu na inahitaji mazoezi yake. Kila siku kila mtoto aguse penseli, hata kwa dakika tano, hata kwa mstari mmoja. Andika tarehe, weka vema, hapo hata mkuu wako ataridhika. Penseli zikae kwako kwenye kopo. Zikienda nyumbani hazirudi, au zinarudi zimevunjika ncha na kichongeo hakuna.

Pia ingia Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), vitabu vya darasa la kwanza vipo, hata vya mtaala mpya ulioanza 2024. Na kama shule yenu ina vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini), lipeleke swali lako huko, walimu wa awali wa hapo hapo shuleni wana mengi.

Ticha wa Kijijini

Nawashukuru wote. Nimeandika hivi: mnada wetu ni Jumanne, kwa hiyo sauti mpya itaingia Jumatano na kuzunguka hadi Jumatatu inayofuata, Jumanne ni marudio na duka. Makundi manne naanza wiki ijayo, ila kwanza nawafundisha kuhama. Mstari mmoja wa daftari kila siku, na wazazi wa kundi moja kwa wiki.

Bibi, swali la mwisho. Nina mtoto wa kike, hasemi kitu. Haongei Kiswahili, na wenzake wanasema hata Kisukuma hasemi akiwa shuleni. Anaandika vizuri akiona ubao. Nikimuuliza ananiangalia mdomoni tu.

Bibi Mstaafu

Mwanangu, hapo kwenye kukuangalia mdomoni ndipo pa kuanzia. Kesho wakati wa mapumziko, wenzake wakiwa mbali, simama nyuma yake asikuone, mwite jina lake kwa sauti ya kawaida. Rudia upande wa pili. Asipogeuka, zungumza na mama yake kwa upole, ampeleke zahanati wamwangalie masikio. Mara nyingine ni nta au usaha, unatibika. Wakati mnasubiri, mkalishe mbele, upande ambao anauona uso wako, na usiongee ukiwa umeelekea ubaoni. Akigeuka, basi masikio yako salama, ni mgeni tu wa shule. Mpe rafiki mmoja mchangamfu wa kijijini kwao wakae pamoja, na usimsimamishe mbele ya darasa hadi aombe mwenyewe. Utujulishe umeona nini.