Tunazaa wachache na vifo vya uzazi vimeshuka: serikali iendelee kutuambia tupunguze, au ituachie?

Mpanda Reli (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Nimerudia kusoma ule utafiti wa afya na demografia wa 2022. Mwanamke wa Tanzania sasa anazaa wastani wa watoto 4.8. Mwaka 2004/05 walikuwa 5.7, mwaka 2015/16 wakawa 5.2. Toka huo wa 2015/16 hadi 2022, vifo vya akina mama vimetoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 104. Watoto wanaokufa kabla ya miaka mitano wametoka 67 hadi 43 kwa kila 1,000.

Swali: serikali iendelee kuhimiza uzazi wa mpango, au hela iende leba na wodi za vichanga, uzazi ushuke wenyewe? Mjini wameshafika 3.6 na hakuna aliyewafuata nyumbani na fimbo. Vijijini bado 5.5. Sensa ya 2022 inasema tuko milioni 61.7 na tunaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, kwa hiyo si swali la kupuuza.

Naomba hoja, matusi wekeni pembeni. (Ingawa kwa ninavyoona, nusu ya kina mama wa mjini siku hizi hawazai, wanapasuliwa. Kusukuma hawataki.)

Ngosha wa Bariadi
Mwanawane, huyo wa nukta nane analala upande gani wa mkeka? Sisi huku pamba haijipalilii. Hayati Magufuli alikuja hapa hapa Simiyu, Meatu, 2018, akasema wanaotumia uzazi wa mpango ni wavivu wanaoogopa kulisha watoto wao. Tulipiga makofi na hatujaacha.

Takwimu Tu
Mpanda Reli, umeweka namba kama mahubiri. Mbili za kujiuliza.

Kwanza, 556 hadi 104 ndani ya miaka saba. Mnajua inavyopatikana? Mdodosaji anakaa na mwanamke, anamuuliza dada zako wa tumbo moja wako wangapi, nani kafariki, alikuwa na mimba au kajifungua karibuni? Vifo vya namna hiyo kwenye sampuli ni vichache, kwa hiyo namba inayumba sana. Makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa 2020 yalikuwa zaidi ya 200. Vimeshuka, sikatai. Kwamba vimeshuka kiasi hicho, mimi bado.

Pili, na hapa ndipo mada yako ilipo: wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa walikuwa asilimia 32 mwaka 2015/16. Mwaka 2022 wako 31. Haijapanda! Halafu uzazi umeshuka. Kwa hiyo vijiti na sindano peke yake havielezi kitu. Angalieni mabinti: waliokwishazaa au wenye mimba kabla ya kufika miaka 20 walikuwa asilimia 27, sasa 22. Shule inachelewesha mtoto wa kwanza. Nijibuni hapo.

Mama Wawili
Mpanda Reli, "kusukuma hawataki". Umewahi kulala kwenye kitanda cha leba? Umewahi kukaa na uchungu toka saa mbili usiku, asubuhi daktari anakupima anakwambia njia imesimama sentimeta sita, mapigo ya mtoto yanashuka, weka dole gumba hapa? Wangu wote wawili walitoka kwa kisu. Sikuombwa maoni, na ningeombwa ningekubali mbio.

Na utafiti huo huo uliouleta unasema waliojifungua kwa upasuaji ni asilimia 11. Hiyo nusu yako umeitoa wapi, saluni?

Mpanda Reli
Dada, asilimia 11 ni nchi nzima, pamoja na mahali ambapo hata taa ya chumba cha upasuaji hamna. Mimi nimesema mjini. Nenda hospitali binafsi yoyote ukiwa na bima, uone mtoto "anavyochoka" haraka. Mtu akiwa hana bima mtoto wake hachoki.

Nyundo ya Chuma
Hapo Mpanda Reli umegonga penyewe. Bibi yangu kazaa tisa nyumbani kwenye udongo, hajui hata mlango wa zahanati. Wanawake wa sasa wamekuwa mayai.

Mama Wawili
Tisa, sawa. Waliokua ni wangapi?

Nyundo ya Chuma
Sita. Na bibi yangu usimguse.

Shangazi wa Moshi
Hahaha jamani. Mimi nipo hapa na chai yangu.

Muuguzi Mstaafu
Wanangu, nimekaa leba miaka mingi, naomba nieleze hilo la mtoto kuchoka kwa sababu mnalitania na si la utani. Mama akiwa na uchungu tunasikiliza mapigo ya mtoto kila nusu saa, na akianza kusukuma ni mara kwa mara zaidi. Yakishuka chini ya 110 na yakakataa kupanda, au maji yakatoka ya kijani, hatukai kubishana. Anayesubiri ndiye anayekuja kuzika. Ndiyo, wapo wanaopasua kwa ajili ya bili, nimewaona. Na kisu nacho si mchezo: kovu lile mimba ijayo linaweza kuachia, kondo linaweza kushika pabaya. Lakini shida kubwa ya nchi hii ni mama anayehitaji kisu na hakipati. Zamani Shirika la Afya Duniani walikuwa wanasema kati ya asilimia 10 na 15 ndiyo inayotosha. Sisi 2015/16 tulikuwa 6. Kwa hiyo kufika 11 mimi sikulia.

Mnachokiruka ni vichanga. Mpanda Reli ameandika 67 hadi 43, kweli. Sasa mwulizeni waliokufa kabla ya kutimiza mwezi: walikuwa 25, sasa 24. Kimesimama pale pale. Zaidi ya nusu ya hao 43 wanaondoka mwezi wa kwanza, na wengi siku ile ile. Mtoto katoka, halii, kalegea. Una dakika moja. Unamkausha, unamsugua mgongo, hapumui, unamwekea barakoa usoni na kubana mfuko, kifua kinyanyuke. Si mashine ya mabilioni hiyo, ni mkono uliozoea. Hospitali ya Haydom kule Manyara walianza kufundisha hivyo kwa midoli, mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini, baadaye wakapeleka kwenye vituo 30 vya mikoa mitano. Matokeo yalipotoka 2025, vifo vya siku ya kwanza vilikuwa vimepungua kwa karibu asilimia 40.

Kijana wa Tandika
Mama umeongea vizuri, ila nyie manesi ndio mnaowakimbiza wanawake hospitali. "Ulipokuwa unafungua miguu ulimwita nani?" Hiyo kauli kila mwanamke mtaani kwetu anaijua. Halafu mnasema huduma ya mjamzito ni bure. Bure gani? Mke wangu alipewa orodha kliniki: glavu, wembe, pamba, mpira wa kulalia, kibana kitovu, sindano, dripu. Tumefika usiku tunaambiwa glavu mbili hazitoshi, kimbia duka la nje. La nje bei mara mbili, na mwenye duka anajua kwa nini umekuja unahema.

Muuguzi Mstaafu
Kauli hiyo ipo, na waliokuwa wakiitoa mbele yangu niliwatoa nje. Ila na wewe uje ukae zamu ya usiku peke yako, wanawake watano, wawili wanasukuma pamoja, glavu zimeisha tangu Jumanne na mwezi wa dawa haujafika. Serikali imesema bure, boksi halikuja. Mume anamtukana nani? Mimi niliye mbele yake.

Kijana wa Tandika
Mimi sikutukana mtu. Nilikimbia dukani.

Ngosha wa Bariadi
Nyie wa Dar mna duka la nje mnalalamika! Kijijini kwetu waliweka faini kwa anayezalia nyumbani. Zahanati iko ng'ambo ya mto, mvua ikinyesha mto haupitiki, mtoto hasubiri maji yapungue. Umezaa salama, unaletewa karatasi ya faini kabla kitovu hakijadondoka. Watu wakawa wanamficha mtoto, na chanjo hawapeleki.

Niseme na zuri. Mwaka juzi shemeji yangu kajifungua, damu haikati. Zahanati wakapiga 115, ile namba ya m-mama, ya usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga. Ambulensi ilikuwa imeenda mbali, wakampa kazi dereva wa Noah wa hapo senta, kamfikisha hospitali ya wilaya, wakamwongeza damu. Dereva analipwa na serikali, sisi hatukutoa hata ya mafuta. Yupo, ana afya, na huyo ni wa saba.

Mama Wawili
Wa saba, Ngosha. Na damu haikukata. Hapo huoni kitu? Kizazi kilichobeba mara nyingi kinachoka kukaza, ndio damu inamwagika.

Ngosha wa Bariadi
Naona shemeji mzima na mtoto mzima. Wewe unaona nini?

Muuguzi Mstaafu
Mama Wawili yuko sahihi kitabibu. Ngosha, mpeleke huyo shemeji akapumzike. Kitanzi, kijiti, anachotaka yeye. Anachotaka yeye, nimesema.

Nyundo ya Chuma
Mabeberu kazini. Wao Ulaya wanalipana wazae, sisi tunapewa nyota ya kijani, ile alama ya uzazi wa mpango.

Takwimu Tu
Wanalipana na hawazai, Nyundo. Soma uone Italia na Korea Kusini.

Nyundo ya Chuma
Mimi si Mkorea.

Mpanda Reli
Jamani mada imekufa. Niliuliza hela iende wapi, mmenipeleka kwenye glavu na bibi ya Nyundo.

Takwimu Tu
Nilikujibu toka mwanzo. Ukanipita ukaenda kugombana na akina mama kuhusu kisu, kitu ulichokianzisha mwenyewe kwenye mabano.

Mama Wawili
Na nusu yake bado naisubiri.

Mpanda Reli
Nimesema "kwa ninavyoona". Macho yangu hayahitaji utafiti.

Baba Mtarajiwa
Samahanini wakuu, nimesoma uzi wote kimya kimya. Mke wangu ana wiki ya 35, mimba ya kwanza. Muuguzi, zaidi ya hiyo orodha ya glavu niangalie nini?

Muuguzi Mstaafu
Hongera mwanangu. Kichwa kikimuuma sana kisitulie, akiona maruweruwe, uso na mikono vikivimba, tumbo likiuma juu chini ya kifua: usingoje asubuhi, kinaweza kuwa kifafa cha mimba. Damu yoyote, nenda. Mtoto akipunguza kucheza, nenda. Kadi ya kliniki ikae kwenye begi, si kabatini. Wapange ndugu wawili wenye damu ya kundi lake, wajulikane kwa majina. Na hela ya gari itenge sasa hivi, ukiwa na 115 usiwe na 115 peke yake.

Nyundo ya Chuma
Na bei ya kisu aulizie mapema.

Mama Wawili
Nyundo, kalale.