Bando la programu moja tu: ni msaada au ni uzio?

Muulizaji, Langoni, Lamu:
Assalaam alaykum. Juzi kabla ya alfajiri, pepo za kusi zikivuma, nahodha mmoja wa dau alinionyesha simu yake pale gatini. Mwenziwe alikuwa amemtumia kiungo cha utabiri wa upepo na mawimbi kutoka idara ya Serikali. Ujumbe aliuona, lakini kila alipokibonyeza kile kiungo aliambiwa kwamba bando lake ni la programu ya mazungumzo pekee, na akitaka kwingine aongeze pesa. Nasikia Wamarekani wamevutana miaka mingi juu ya usawa wa mtandao, yaani mwenye njia asibague kipitacho njiani. Je, huu si ubaguzi ule ule?

Mfanyabiashara, Malindi:
Waalaykum salaam, kaka. Naomba tusiharakishe kulaumu. Mimi nauza vikoi, na wateja wangu karibu wote hunipata kwa bando hilo hilo unalolilalamikia. Likiondolewa leo, wengi wao hawatanunua kubwa zaidi. Watakaa bila mtandao kabisa.

Mwalimu, Mkomani, Lamu:
Dada yangu, hofu yako ni ya haki, lakini tazama India. Facebook ilitaka kuwapa watu bure tovuti chache ilizozikubali yenyewe, na mnamo Februari 2016 mamlaka ya mawasiliano ya huko ikakataza kampuni kutoza bei tofauti kwa kutegemea kile mtu anachofungua. Septemba ya mwaka huo kampuni mpya ya simu, Jio, iliingia sokoni na bei ya data ikaporomoka kwa mtandao wote. Unafuu ulikuja kwa ushindani, bila uzio.

Marekani ni somo la namna nyingine. Kanuni za usawa wa mtandao zilipitishwa na tume yao ya mawasiliano 2015, zikafutwa Desemba 2017, zikarudishwa Aprili 2024, kisha mahakama ya rufaa ikazitangua Januari 2025, na muda wote ugomvi ulikuwa kama mtandao uhesabiwe huduma ya mawasiliano, kama simu, au huduma ya habari tu. Bunge lao halikuwahi kulimaliza jambo hilo kwa sheria, ndiyo maana kila utawala ulipobadilika kanuni nazo ziligeuka. Sisi tudai sheria, tusiridhike na ahadi za maofisa.

Muulizaji:
Shukrani, mwalimu. Umenikumbusha Ibara ya 35 ya Katiba yetu, inayompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na utabiri wa bahari ni miongoni mwa habari hizo. Hata hivyo sitaki tuombe tovuti ya hali ya hewa peke yake iongezwe kwenye bando, kwani hapo tutakuwa tumeukubali uzio na kuomba mlango mmoja. Tuandike barua kuomba mabando madogo ya bei ndogo, yanayopimwa kwa kiasi cha data na kufungua popote. Dada wa Malindi, tafadhali niandikie aya moja kuhusu bei ambayo wateja wako wanaimudu. Barua nitaipeleka kwenye kikao cha wavuvi Ijumaa baada ya sala, kisha iende kwa Mamlaka ya Mawasiliano.