Mwanafunzi kajiua, picha ukurasa wa mbele: ni habari au biashara?

Mama Tendo, Mukono: Gazeti moja (silitaji, mnalijua) wiki jana limemweka mwanafunzi aliyejiua ukurasa wa mbele. Picha ya mwili, jina la shule, barua yake yote, na alivyofanya hatua kwa hatua. Teksi nzima inasoma, na watoto wamo. Nauliza: hiyo ni habari?

Kiboko_Wandegeya: Habari, tena kubwa. Kujaribu kujiua ni jinai Uganda, kwa hiyo ni mambo ya polisi kama wizi wa kuku. Na nyie wamama ndio wa kwanza kulinunua, halafu mnakuja kulia hapa.

Mama Tendo: "Nyie wamama"? Kijana, mimi nimeuza magazeti kabla hujaota meno. Wanaogombania picha za maiti ni wanaume wa stendi, na hata kununua hawanunui, wanasimama kusoma bure.

Okello G.: Tusipotee. Vienna miaka ya 1980 magazeti yalikuwa yakipamba kila kisa cha mtu kujiua kwenye treni ya chini ya ardhi. Mwaka 1987 yakapewa mwongozo, yakapunguza makelele, na vifo vile vikashuka zaidi ya nusu. WHO, Shirika la Afya Duniani, nao wana mwongozo wa waandishi tangu 2000: usieleze njia, usichapishe barua, usitoe sababu moja rahisi, taja pa kupata msaada.

Kiboko_Wandegeya: Treni ya chini ya ardhi! Sisi hata ya juu inatushinda.

Ripota wa Mashambani: Mimi silipwi mshahara, nalipwa kwa kila habari inayotoka. Nikituma kisa bila picha, mhariri ananiuliza picha iko wapi. Nikiweka namba ya Butabika, hospitali ya afya ya akili, mwishoni, inakatwa ili tangazo lipate nafasi. Mlaumuni anayepanga kurasa.

Wakili Asiye na Joho: Kiboko, hiyo jinai unayoing'ang'ania tuliachiwa na mkoloni. Kenya, Mahakama Kuu imesema Januari 2025 kwamba kifungu chao cha 226, kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha katiba.

Kiboko_Wandegeya: Kenya tena! Waturudishie Migingo, kile kisiwa cha Ziwa Victoria tunachogombania, kwanza, ndipo watufundishe sheria.

Atieno_Busia: Migingo ni ya Kenya, ssebo. Polisi wenu walikuja na bendera yao wakajikaribisha.

Kiboko_Wandegeya: Na samaki? Mzee M7, Rais Museveni, alishamaliza: kisiwa chenu, maji yetu.

Atieno_Busia: Basi mje mnywe hayo maji, samaki mtuachie.

Wakili Asiye na Joho: Jamani! Huku kwetu aliyeokolewa anaweza kutoka wodini akaingia selo, kifungo hadi miaka miwili. Nani atathubutu kumwambia daktari kwamba amechoka kuishi, sembuse mwandishi?

Kiboko_Wandegeya: Sijasema afungwe. Nimesema iandikwe.

Mama Tendo: Iandikwe, sawa. Picha ya nini? Tangu asubuhi hujajibu.

Atieno_Busia: Hata ya bendera hajajibu.